Meza ya Muuguzi: Aliachishwa Jeshi kwa Sababu ya Mbio



Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa bado nakusanya vikombe vya chai, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta kando. "Nesi," akasema, "nina jambo, lakini lisifike kwa wenzetu." Tukaingia katika chumba cha shule ya Jumapili, tukakaa kwenye viti vifupi vya watoto, naye akaanza kulia kabla hajasema neno.

Binti yake alikwenda Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza. Mwaka 2016 alijiunga na jeshi la nchi kavu la huko, kwa maana mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu huruhusiwa kuwa askari, na utumishi huo humfupishia njia ya uraia. Binti alipata uraia. Picha yake akiwa amevaa sare ilitundikwa sebuleni, na kila mgeni alionyeshwa. Mwishoni mwa 2018 alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Novemba 2019 akaachishwa jeshi. Mama yake hakuambiwa, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima aliendelea kuwaambia watu kwamba mwanawe ni askari.

"Amefukuzwa," mama aliniambia. "Sijui ameiba nini. Sasa wanasema atanyang'anywa hata uraia."

Niseme ukweli, ndugu msomaji. Nilipoelezwa kwamba kosa lake ni kushindwa mtihani wa mazoezi, mawazo yangu ya kwanza hayakuwa mazuri. Nilijisemea moyoni kwamba msichana alinenepa kwa uvivu. Nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka 20, nimewapokea wazazi wengi wodini, na bado niliwaza hivyo. Ndiyo maana naandika.

Si kila aliyeachishwa amefukuzwa

Mtu akitoka katika jeshi la Marekani hupewa hati iitwayo DD 214. Humo huandikwa sababu ya kuondoka na aina ya kuachishwa. Aina ya kwanza ni kuachishwa kwa heshima. Ya pili huitwa ya jumla, yaani chini ya masharti ya heshima. Chini yake iko ile isiyo ya heshima inayotolewa kwa uamuzi wa wakuu wa jeshi, na mwisho kabisa ziko zile mbili za aibu ambazo hutolewa na mahakama ya kijeshi kwa makosa mazito.

Binti huyu alipewa ile ya pili. Hakuiba, wala hakutoroka. Wakati ule mtihani ulikuwa na sehemu tatu: pushapu, kuinuka kutoka chali, na kukimbia maili mbili, ambazo ni zaidi kidogo ya kilomita tatu. Kila sehemu ilitaka alama 60 kati ya 100. Askari asiye na ruhusa ya daktari akishindwa mara mbili mfululizo, kamanda aliweza kuanza taratibu za kumwachisha. Yeye alishindwa mbio mara mbili.

Kuhusu uraia, nilimtuliza mama. Sheria ya kule inaruhusu kumnyang'anya uraia mtu aliyeupata kwa njia ya jeshi ikiwa ameachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Kuachishwa kwa aina ya jumla hakumo katika fungu hilo. Matibabu ya maveterani pia hakuyakosa.

Lakini alipoteza kitu kikubwa. Serikali ya Marekani huwasomesha maveterani kwa mpango uitwao GI Bill, ulioanza mwaka 1944. Kwa mpango wa siku hizi, aliyetumikia miezi 36 au zaidi baada ya Septemba 2001 anaweza kulipiwa masomo kwa kiwango kamili, kwa muda wa miezi 36. Binti alitumikia miezi 40. Lakini mpango huo hudai hati ya heshima kamili, na aina ya jumla haitoshi. Alikuwa ametaka kusomea uuguzi. Badala yake akawa anafanya kazi ya usiku katika ghala, mtoto akiachwa kwa jirani.

Siku za mzazi

Kwetu, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hupikiwa mtori, huchemshiwa maji, hubebewa mtoto ili alale. Hata baada ya hapo, mwili haujarudi. Misuli ya tumbo iliyoachana huhitaji miezi kadhaa. Ile ya chini ya nyonga huwa imelegea, na wanawake wengi huvuja mkojo wakikimbia au wakikohoa, ila huona haya kusema. Damu inaweza kuwa pungufu. Kovu la upasuaji lililopona juu ya ngozi laweza kuwa bado linauma ndani.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Tuna tezi shingoni, iitwayo thairoidi, ile ambayo ikivimba tunasema mtu ana rovu. Kwa baadhi ya wanawake tezi hii huugua katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Ikifanya kazi kwa ulegevu, mama huchoka kupita kiasi, huhisi baridi wenzake wakiona joto, nywele hukatika, uzito huongezeka ingawa hali sana, na moyo huwa mzito wa huzuni. Kipimo chake ni cha damu tu, na dawa ipo.

Nilimwuliza mama, "Je, binti alikuwa analalamika chochote wakati ule?"

Akafungua simu. Alikuwa ametunza jumbe zote. Mwezi wa tano baada ya kujifungua binti aliandika: "Mama, nachoka sana, nywele zinatoka kwa mafungu." Mwezi wa saba: "Mama, wenzangu wamevaa fulana, mimi nasikia baridi. Nimeshindwa kukimbia." Na chini yake lilikuwa jibu la mama: "Acha uvivu. Sisi tulizaa, tukarudi shamba."

Baada ya jibu hilo binti hakulalamika tena. Kwa daktari wa kikosi hakwenda, kwa kuogopa kuitwa mvivu na huko pia. Miezi mitatu baada ya kuachishwa, zahanati ya mtaani ilimpima damu, ikakuta tezi imelegea. Alipoanza dawa, nguvu zikaanza kurudi.

Mama alisoma jibu lake mwenyewe mara mbili, kisha akaiweka simu mapajani ikiwa imegeuzwa uso chini.

Mlango uliopo

Watu wengi husema kwamba hati ya jeshi la Marekani hujirekebisha yenyewe baada ya miezi sita. Si kweli. Hairekebishwi na mtu asiyeomba. Lakini anayeomba ana njia, na kuomba hakuna ada.

Kwanza, ipo Bodi ya Mapitio ya Kuachishwa. Ombi lake hujazwa katika fomu DD 293, na lazima lifike ndani ya miaka 15 tangu kuachishwa. Kwa binti huyu, mwisho ni Novemba 2034. Kesi husikilizwa na wajumbe watano. Mwombaji anaweza kutaka wasome karatasi tu, au kusikilizwa yeye mwenyewe. Akianza kwa karatasi na kukataliwa, bado anaweza kuomba kusikilizwa, kama muda haujapita. Na asiogope kwamba watamshusha zaidi: bodi hii haiwezi kumpa hati mbaya kuliko aliyo nayo.

Pili, ipo bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, ambayo fomu yake ni DD 149. Muda wake ni miaka mitatu tangu mtu agundue kosa, ingawa bodi yaweza kumsamehe aliyechelewa ikiona haki yadai hivyo. Huko huendwa na wale ambao muda wa bodi ya kwanza umewapita, au ambao bodi hiyo imewakatalia.

Kusema "nionee huruma" hakutoshi. Bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifanya sawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo uko juu ya mwombaji. Aonyeshe mojawapo ya mambo mawili: kwamba taratibu zilivunjwa, au kwamba uamuzi haukuwa wa usawa.

Kikosi cha binti huyu hakikuvunja taratibu. Mwaka 2019 kanuni ya jeshi la nchi kavu ilimpa mzazi siku 180 kabla ya mtihani, nao walimpima mara ya kwanza mwezi wa saba na mara ya pili mwezi wa kumi. Lakini Aprili 2022 jeshi hilo lilitoa agizo jipya: mzazi hatapimwa mtihani wa kuhesabiwa mpaka zipite siku 365. Jeshi la anga lilikuwa limekwisha kuongeza muda kutoka miezi sita hadi 12 tangu 2015. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Mitihani yote miwili aliyoshindwa ilifanyika ndani ya mwaka ule. Kwa kanuni mpya, hakuna hata mmoja ambao ungehesabiwa.

Na kanuni za bodi zinasema wazi: kuachishwa kunaweza kuhesabiwa si kwa usawa ikiwa sera ya jeshi zima imebadilika baadaye kwa namna inayoongeza haki za askari, na ikiwa upo wasiwasi mkubwa kwamba angepewa hati ileile chini ya sera mpya. Hapo ndipo ombi lake liliposimama. Ugonjwa wa tezi ukawa hoja ya pili.

Karatasi zinazohitajika

Kwa mwenye mtoto au ndugu katika hali kama hii, yafaa akusanye haya: nakala ya DD 214, faili la utumishi na la matibabu, ambalo huombwa kwa fomu SF 180 katika hifadhi ya kumbukumbu iliyoko St. Louis, Missouri, kadi ya kujifungua, majibu ya maabara yenye tarehe, na barua za watu waliomwona wakati ule. Vyama vya maveterani kama American Legion na Disabled American Veterans vina watu wanaosaidia bila malipo. Anayeahidi ushindi kwa fedha, mkimbieni.

Mama wa kikundi chetu aliandika barua yake kwa mkono, mezani kwangu, kwa Kiswahili, nayo ikatafsiriwa pamoja na zile jumbe za simu. Nilidhani angeficha lile jibu lake. Hakulificha. Aliandika: "Mwanangu aliniambia anaumwa, nami nikamwita mvivu. Ndiyo maana hakwenda kwa daktari. Naomba kosa langu lisihesabiwe kwake." Kabla ya kuituma, alimpigia binti simu akamsomea. Walinyamaza muda mrefu, kisha nikamsikia binti akisema, "Mama, nilifikiri umezifuta."

Ombi lilipelekwa mwaka jana. Majibu bado. Kesi hizi huchukua miezi mingi, na wako wanaokataliwa, kwa hiyo sitawaambia kwamba mambo yamekwisha. Binti ameanza masomo ya jioni kidogo kidogo kwa mshahara wake. Bodi ikikubali, yaliyobaki yatalipiwa. Ile picha ya sare ingali sebuleni. Kwa muda mama aliitoa, kisha akairudisha, na sasa akiulizwa hujibu, "Alikuwa askari, akazaa, akaugua." Watu hawaulizi zaidi.

Neno langu kwenu mwezi huu ni fupi. Mzazi akikwambia amechoka, awe ni binti yako, mkamwana wako au msichana wa nyumbani, usimpime kwa shamba ulilolima wewe. Mwulize anasikia baridi? Nywele zinatoka? Anavuja mkojo? Analia bila sababu? Kisha mpeleke akapimwe, na kile cheti cha kipimo mkitunze. Hamjui ni lini mtakihitaji.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya upungufu wa damu kwa mama anayenyonyesha. Karibuni tena mezani.