Leseni Isiyofika Kibera

Ajenti wa nyumba wa Marekani akihama jimbo hana budi kuomba leseni upya, au ile ya kwanza itambuliwe huko aendako. Wa Kenya hana taabu hiyo. Sheria ya Maajenti wa Nyumba ya mwaka 1984, Sura ya 533, ina daftari moja kwa nchi nzima, na kuja kwa kaunti 47 mwaka 2013 hakukuligawa.

Hata hivyo, safari ya leseni hiyo hukoma mahali. Mwanafunzi wangu mmoja alitafuta chumba Kawangware. Kijana aliyejiita ajenti alimtoza ada ya kutazama chumba, kisha amana ya mwezi mmoja. Alipofika na godoro lake, alimkuta mpangaji mwingine ndani, na simu ya ajenti imezimwa. Neno dalali, tulilolikopa katika Kiarabu, shina lake ni kuonyesha njia; huyu alionyesha mlango wa mwenyewe.

Sheria huharamisha kazi hii bila kusajiliwa. Lakini ni nani aulizaye cheti mtaani? Kibera ni vigumu zaidi: sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, mwenye vyumba hana hati, na ajenti aliyesajiliwa haoni faida ya kukanyaga huko.

Yafaa Bodi ya Usajili wa Maajenti ibandike orodha yake, kwa Kiswahili, katika ofisi za machifu wa Kibera na Kawangware, na iwafungulie vijana hawa njia nyepesi ya kusajiliwa. Wanafunzi wanatafuta vyumba kila muhula.