KULINDA MAJI NI KAZI, NA KAZI HULIPWA

Ndugu wakata miti, madereva wa matrekta na magari ya magogo, wapasua mbao na vibarua wa barabara:

Misonobari na mikaratusi iliyopandwa kwa wingi nchini Uganda, hasa tangu mwaka 2004 ulipoanza mpango wa ruzuku kwa wapandaji uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya, sasa imekomaa au inakaribia kukomaa. Maana yake ni kwamba misumeno itaingia katika mashamba ya miti ambayo hayajawahi kuvunwa, na barabara zitakatwa mahali ambapo gari halijapita. Kazi itakuwapo, nasi twaifurahia. Lakini vijito vinavyopita katika mashamba hayo ndivyo tunavyotekea maji sisi na watoto wetu kambini, na ndivyo wanavyotekea wanavijiji walio chini yetu. Yafaa tuseme mapema, kabla tope halijafika mtungini.

Watu wengi hudhani kwamba maji huharibika kwa sababu mti umekatwa. Sisi tunaoifanya kazi hiyo twajua zaidi. Mti ukikatwa, kisiki, mizizi na majani yaliyoanguka huendelea kuushika udongo kwa muda. Kinachomwaga tope kwa wingi ni barabara, njia za kuburutia magogo, na pale trekta linapovuka kijito. Mwongozo wa uvunaji misitu uliotolewa na FAO mwaka 1996 wasema vivyo hivyo. Greda likipita, udongo hubaki uchi. Mvua ikinyesha, alama ya gurudumu hugeuka mfereji, nao mfereji hushuka na mteremko mpaka kijitoni. Tope hilo haliharibu rangi ya maji tu. Vijidudu vya maradhi hujificha ndani yake, dawa ya klorini hupungua nguvu, mayai ya samaki hufunikwa, na pampu huziba.

Dawa ya ugonjwa huu yajulikana, wala haihitaji mitambo ya ajabu kutoka ng'ambo. Barabara ipite juu mgongoni mwa kilima, si bondeni kando ya maji. Mitaro ya kando itolewe vichakani kila baada ya hatua kadhaa, ambako majani yatalichuja tope, isiachwe kumwagika mtoni. Njia ya kuburutia ikiisha kutumika, iwekewe matuta ya kukata maji. Pa kuvukia pawekwe kalvati au daraja la magogo. Uwanja wa kukusanyia magogo uwe mbali na kijito, na misumeno ijazwe mafuta huko huko, maana mafuta ya mnyororo hayarudi ndani ya msumeno. Yote hubaki msituni. Na ardhi ikiloa, matrekta yasimame.

Sheria nayo ipo. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa, kama Nile na Katonga, na mita 30 kwa mito mingine. Kwa jirani zetu wa Kongo, ambako mbao za Ituri hutoka na kupita katika barabara zetu, kifungu cha 48 cha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 chakataza kufyeka miti katika mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi.

Basi, ikiwa dawa yajulikana na sheria ipo, kwa nini tope bado laenda mtoni? Jibu letu ni hili: ujira wa kipande humlipa mtu kwa kuchafua na kumnyima kwa kulinda. Mkata miti hulipwa kwa mita ya ujazo. Dereva hulipwa kwa safari. Anayezunguka hadi darajani hupoteza safari. Anayekata katikati ya kijito huipata. Aliyeshinda akichimba mtaro wa kutoa maji hana gogo la kumwonyesha mnyapara jioni. Mvua ikinyesha siku tatu, kibarua aliyesimama hurudi nyumbani mikono mitupu, na ndiyo sababu yeye mwenyewe huomba trekta liendelee. Kisha mkaguzi akija, lawama humwangukia dereva, si yule aliyepanga hesabu ya malipo.

Waajiri watasema mambo haya yataongeza gharama. Kweli, kalvati hununuliwa. Lakini barabara isiyo na mitaro huliwa na msimu mmoja wa mvua. Magari hukwama, greda huitwa tena, na kazi ile ile hulipiwa mara mbili. Twakubali pia kwamba kandarasi mdogo hawezi kuubeba mzigo huu peke yake ikiwa mwenye shamba amempa bei ya chini. Kwa hiyo gharama hiyo ihesabiwe tangu siku ya kuitangaza zabuni.

Wala tusifichane sisi kwa sisi: wenzetu wengi, hasa vijana wenye nguvu, waupenda ujira wa kipande kwa kuwa huwapa fedha zaidi wakati wa kiangazi. Hatusemi ufutwe. Twasema usiwe ndio malipo pekee. Kwa hiyo twadai:

Kwanza, uchimbaji wa mitaro, matuta na uwekaji wa kalvati uandikwe katika mkataba wa pamoja kuwa ni kazi yenye ujira wa siku.

Pili, siku ambazo ardhi imeloa mno, mfanyakazi alipwe, au apewe kazi nyingine kama kunoa misumeno, kutengeneza madaraja au kuhudumia kitalu.

Tatu, ukanda wa mto upimwe na miti yake ipakwe alama kabla msumeno haujaingia, na mwakilishi wa wafanyakazi awepo.

Nne, mfanyakazi anayekataa amri ya kuvusha trekta majini asifukuzwe wala kukatwa mshahara.

Tano, masharti haya yawafunge makandarasi wadogo pamoja na vibarua wao wote.

Twayaomba matawi yote yajadili madai haya na kuyapeleka kwa waajiri kabla ya mvua za Machi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Na tope likiisha kuingia katika kijito, hakuna mkaguzi wala faini itakayolitoa. Wa kulizuia ni yule aliyeshika jembe na usukani. Alipwe kwa kazi hiyo.

Umoja ni nguvu.