Sehemu ya 4: Msaidizi wa kisheria naye ana watoto wa kulisha

Mama zangu, dada zangu, nimerudi. Wiki iliyopita niliandika kuhusu lishe, mkanijaza inboksi na swali moja: "Nesi, baba mtoto hatoi hela, nifanyeje?" Leo najibu, lakini jibu langu lina ugomvi ndani yake. Vumilieni.

Kuna mama mmoja alilaza mtoto wodini kwetu hapa Karatu. Mtoto ana mwaka na miezi, amekonda, miguu imevimba. Tukampa maziwa ya tiba, akaanza kucheka, akaruhusiwa. Baada ya wiki chache karudi vilevile. Tukampa tena, akarudi tena. Mara ya tatu nikakaa naye chini, nikamuuliza taratibu. Baba ni dereva wa magari ya watalii, anashusha wageni kreta kila msimu, na hajatuma hata shilingi tangu mtoto atambae. Mama alishamlipa kaka mmoja mwenye mkoba pale mjini amwandikie barua. Barua ikaandikwa, hela ikaliwa, mambo yakaishia hapo.

Sasa niambieni, mimi nesi namtibu nini huyo mtoto? Maziwa ninayo. Ugonjwa wake uko nje ya geti la hospitali.

Aliyemponya alikuwa mwanamke mmoja, msaidizi wa kisheria. Hakuja na joho wala gari. Alikuja na daftari. Akamweleza mama kwa Kiiraqw, maana Kiswahili cha sheria kilikuwa kinampita, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana mzazi kumtunza mtoto wake, na kutofunga ndoa hakumfuti mtu ubaba. Akampeleka ustawi wa jamii. Baba aliitwa mara mbili hakutokea, basi wakaandaa maombi ya matunzo yaende mahakamani. Kabla hata ya siku ya kusikilizwa, baba kaanza kutuma. Mtoto hakurudi wodini kwangu, na mimi nikafurahi kutomwona.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Yule dada alifuatilia jambo hilo kwa nauli yake. Bodaboda yake, vocha yake. Ana watoto watatu. Mwaka haukuisha akaacha, akaenda kutandika vitanda kwenye loji moja huku juu, kwa sababu loji inalipa mwisho wa mwezi. Alipokuja mama mwingine na mtoto wa namna ileile, nikapiga ile namba. "Nesi, nisamehe, niko zamu." Nisamehe mimi nini jamani? Mimi mwenyewe silali wodini bure.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema, "Hiyo ni kazi ya wito, wakilipwa moyo utakufa." Huwa nawauliza: daktari akilipwa, moyo wake umekufa? Mwalimu wa mwanao je? Mbona wito tunauhubiri zaidi pale kazi inapofanywa na wanawake wa kijijini?

Tuelewane kwanza kuhusu sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria. Anatoa elimu, anakusaidia kuandaa nyaraka, anakuelekeza uende wapi. Hawezi kukusimamia mahakamani kama wakili, na haruhusiwi kukutoza hela. Hilo la kutotoza naliunga mkono kwa mikono miwili. Mama wa maziwa ya tiba atoe wapi ada? Lakini kama mteja halipi, na halmashauri hailipi, basi anayelipa ni yule dada na watoto wake. Na asiyeweza kulipa ataondoka, au siku moja ataanza kuomba "ya soda" kwa mlango wa nyuma. Tusijifanye hatujui.

Sisi wa afya tulishapita huko. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walizunguka vijijini miaka na miaka kwa fulana na shukrani. Wengi wakaacha. Januari 2024 Serikali ikazindua mpango jumuishi wa kuwafundisha na kuwapa posho. Wito wao haukufa kwa hiyo posho. Basi kilichowezekana kwa anayepima mtoto uzito, kiwezekane kwa anayemfuata baba wa huyo mtoto.

Na hela? Vitunguu vya Mang'ola vinatozwa ushuru. Hoteli zinatozwa ushuru wa huduma. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni jambo jema. Kwa hiyo tusiambiwe kutenga hakuwezekani. Na kule Ngorongoro ndiyo zaidi: mama wa Endulen au Nainokanoka yuko mbali na Loliondo yaliko makao ya wilaya yake. Msaidizi anayeongea Kimaasai na kukaa palepale kwake ni sawa na zahanati.

Kwa mabinti mnaoniuliza kama hii ni kazi ya kusomea: ndiyo, ila ingieni macho wazi. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa cheti na stashahada ya sheria, na ukitaka unapanda mpaka shahada. Mimi nina stashahada ya uuguzi na hakuna aliyewahi kuniita daktari aliyefeli. Kwa hiyo wazazi, acheni kumwambia binti "utakuwa wakili nusu". Nusu hiyo ndiyo iliyofika kijijini.

Na wewe mama mwenye shida leo: usimpe hela mtu wa mkoba stendi. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ya halmashauri, uliza msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa ni nani. Akikudai ada, rudi ukaseme.

Halafu mkutano wa kijiji ukiitwa, nenda. Mbebe mtoto mgongoni, nyoosha mkono, muulize diwani swali moja tu: "Mmewatengea shilingi ngapi?"

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu fomu ya PF3. Msikose.