Kashasha Hapakuwa na Mapepo

Kila wasichana wa shule fulani huku Kanda ya Ziwa wanapoanza kuanguka na kupiga mayowe, hukumu hutoka kabla muuguzi hajafika: wamepandisha mapepo. Shule imejengwa juu ya makaburi, au kuna mtu anawachezea. Basi huitwa mchungaji, huitwa shehe, huitwa mganga. Imani hiyo naipinga waziwazi, na ushahidi wa kuipinga uko huku huku ziwani.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera ya leo, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kikaenea. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95: wakicheka, wakilia, wakihangaika kwa hofu, wengine wakipambana na waliojaribu kuwashika. Machi 18 shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, kijiji cha Nshamba nacho kikachafuka, wakapatwa watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, hawakupata kijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Na walimu wa Kashasha, waliofanya kazi kwenye eneo lilelile, hakuguswa hata mmoja. Ni pepo gani huyo anayewachagua wanafunzi na kuwaacha walimu?

Paris iliyaona maambukizi kama haya mapema zaidi, katika karne ya 18. Daktari Franz Mesmer alidai kuna nguvu isiyoonekana inayotiririka kutoka mikononi mwake. Wagonjwa walilizunguka pipa lake la tiba. Mmoja akianza kutetemeka, wenzake hufuata. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kumchunguza, wanasayansi Benjamin Franklin na Lavoisier wakiwemo. Kwenye bustani ya Franklin, kijana wa miaka 12 aliambiwa kuna mti uliotiwa nguvu hiyo. Alizimia kwenye mti ambao haukuguswa na mtu. Tume ikaamua: nguvu hiyo haipo, yanayofanya kazi ni mawazo ya mtu mwenyewe na kuigana. Hapo ndipo lilipo chimbuko la hipnosisi, yaani kumwongoza mtu kwa maneno hadi azame katika umakini, ambayo James Braid wa Manchester aliipa jina na kuieleza mwaka 1843 kuwa hutokana na umakini wa anayefanyiwa. Siku hizi husaidia kupunguza maumivu, na anayefanyiwa hanyang'anywi akili yake.

Sisemi wasichana wanaigiza. Mwili unaanguka kweli, pumzi inabana kweli. Lakini mzigo ni hofu ya mitihani, ukali wa bwenini, au siri ambayo binti hana wa kumwambia, na anayemwona mwenzake akianguka naye huanguka. Ndiyo maana kumkemea pepo mbele ya bweni zima ni kuwafundisha waliobaki namna ya kuanguka.

Ubaya hauishii hapo. Pepo likishatajwa, hutafutwa aliyelituma. Usukumani tunajua msako huo humwangukia nani: bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo.

Walimu wakuu, nawaomba: binti akianguka, tawanyeni umati kwanza. Mpelekeni pahali patulivu, apimwe malaria na kifafa, kisha akae naye mtu mzima anayemwamini, amsikilize. Wazazi, msikubali mtoto wenu akemewe hadharani. Na madaktari wa afya ya akili waitwe shuleni mapema, kabla ya wenye chupa za mafuta na maji ya upako.