Mpagazi Naye Aingie Mashindanoni



Mniwie radhi nikileta mbele yenu jambo ambalo wengi huliona kuwa mchezo wa watoto, nalo ni kupaka rangi vijisanamu vya askari na kuviingiza mashindanoni. Huko Uingereza kazi hii ina heshima yake. Kiwanda cha William Britain kilianza mwaka 1893 kutengeneza askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani, nao mwaka 1935 wapenzi wa kazi hiyo wakaunda chama. Kimo kilichozoeleka ni milimita 54, hakizidi kidole. Mwamuzi hutazama usafi wa rangi, kivuli katika mikunjo ya nguo, na kama sare ni ya kweli.

Miongoni mwa vijisanamu hivyo wamo askari wa nchi hizi wa vita vya 1914 hadi 1918. Yule wa jeshi la Wajerumani huvikwa kaki, na tarbushi yenye kitambaa cha kufunika kisogo. Hayo ni mema. Neno langu ni moja tu: aonyeshaye kikosi cha vita vile, asimwache mpagazi.

Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Hivyo unga na risasi vilikwenda vichwani mwa watu. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walipita 90,000, wengi wao kwa maradhi. Jina la Kariakoo limetokana nao. Mishahara ya maelfu haikupata wa kuipokea, maana daftari za majina zilikuwa na kasoro. Sisi makarani twajua uzito wa jina lililokosewa.

Tazameni sanamu ya Askari mjini, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake na singe yake. Nairobi wana sanamu tatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi.

Huenda mtu akasema, mpagazi hana vifungo vya kung'aa, mwamuzi atasifu nini? Namjibu: kifungo cha shaba ni tone moja la rangi. Bali kupaka jasho begani, vumbi miguuni, na shuka iliyochakaa, hapo ndipo fundi hujulikana.

Basi aliye Temeke na amwombe seremala wa Keko kipande cha mti kilichobaki. Aliye Kinondoni na awaendee wachongaji wa Mwenge. Achonge, apake rangi, amweke mpagazi sambamba na askari, kimo kimoja, juu ya ubao mmoja. Akikosa tuzo, hakupata hasara. Atakuwa ameandika sawasawa katika daftari jina lililorukwa.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani, Temeke.