Risasi Shuleni: Neno Lilitangulia

Aghalabu mwanafunzi anapowafyatulia wenziwe risasi huko Marekani, habari hutufikia kwamba kijana huyo "alirukwa na akili ghafla". Kazi yangu ni maneno, na hilo neno "ghafla" hunikera mno. Jambo la ghafla halina chanzo. Ni kama radi, na radi haina wa kuulizwa.

Tuitazame Columbine, shule ya upili katika jimbo la Colorado. Tarehe 20 Aprili, 1999, wanafunzi wawili waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Papo hapo lawama zikaangukia muziki wa Marilyn Manson, michezo ya kompyuta na makoti marefu meusi. Baadaye ilibainika kwamba wawili hao walikuwa wamelipanga shambulizi kwa takriban mwaka mzima, na kwamba walitega mabomu katika ukumbi wa maakuli ambayo, kwa bahati, hayakulipuka. Hiyo ghafla iko wapi?

Mnamo 2002 Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, zilichapisha uchunguzi kuhusu mashambulizi 37 yaliyotokea shuleni kati ya 1974 na 2000. Haukupata sura moja ya mshambuliaji. Walikuwamo wapweke na wenye marafiki tele, waliofeli na waliopata alama za juu. Waliovutiwa na michezo ya video ya kikatili walikuwa kama mmoja tu kati ya wanane. Hoja ya uonevu ina uzito zaidi, maana takriban 7 kati ya 10 walihisi wameonewa. Lakini ni wanafunzi wangapi huonewa miaka nenda miaka rudi wasimdhuru mtu?

Lililonigutusha ni jingine. Katika mashambulizi 8 kati ya kila 10, palikuwa na mtu aliyejua mapema, na karibu daima mtu huyo alikuwa rika la mshambuliaji. Yaani neno lilitangulia risasi, likasikika, likanyamaziwa. Tusiwacheke Wamarekani. Katika lugha yetu, mwanafunzi anayempelekea mwalimu habari huitwa mchongezi, mmbea, kibaraka. Anayezipeleka ili kuokoa roho tumempa jina gani? Nimelitafuta, sijalipata. Walimu wanaokumbuka Kyanguli, ambako wavulana 67 waliteketea katika bweni lililotiwa moto mwezi Machi 2001, wanaelewa uzito wa swali hilo.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Upweke, uonevu na kimya vimo pia katika shule za Kenya, Uingereza na Japani. Kisichopatikana kwa urahisi huko ni bunduki. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya washambuliaji walipata silaha nyumbani kwao au kwa jamaa zao. Kijana aliyewaua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, alitumia silaha ambazo mamake alizinunua kihalali, baada ya kumwua mama mwenyewe. Yule wa Uvalde, Texas, aliyewaua watoto 19 na walimu 2 mwezi Mei 2022, alikuwa ametimiza miaka 18 siku chache tu kabla, akaenda dukani kununua bunduki bila ya kuvunja sheria yoyote. Uingereza, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa huko Dunblane mnamo Machi 1996, ilipiga marufuku raia kumiliki bastola mwaka uliofuata, na haijashuhudia tena mauaji ya aina hiyo shuleni.

Marekani haijathubutu kwenda umbali huo. Imeanza, walau, kuwauliza wazazi. Mwaka 2024 wazazi wawili wa Michigan walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja, kwa kuwa walimpatia mtoto wao wa miaka 15 bastola ambayo aliitumia kuwaua wanafunzi wanne mnamo 2021. Asubuhi ya siku hiyo mwalimu alikuwa ameona, kwenye karatasi yake ya hesabu, mchoro wa bunduki na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa shuleni. Waliondoka bila yake, naye akarudi darasani na mkoba wake, ambao hakuna aliyeupekua.