Miksi Bila Majina Ni Wizi, Tusidanganyane

Haya sikizeni. Leo nakuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu nawapenda. Madijei wa Mvita, hii ni yenu. Wengine mnaojifanya mwapenda muziki wa andagraundi, msikimbie, nawafikia pia.

Mwaka jana, msimu wa harusi kabla ya Ramadhani, niko ndani ya matatu natoka Buxton naelekea Feri. Spika za nyuma zikaanza biti moja ambayo naijua mpaka pumzi yake. Naijua kwa sababu nilikuwepo ikitengenezwa. Kibokoni, ghorofa ya pili, feni tumeizima ili isiingie kwenye maiki, jasho latutiririka kama tuko jikoni. Jirani yangu alimleta mjomba wake apige chapuo na vumi, zile ngoma za chakacha, akarekodi kwa simu. Kisha akakata vipande vipande, akaviweka kwenye laptopu, akapandisha mpaka mapigo 140 kwa dakika, akaweka besi chini yake nzito hivi kifua chatetemeka. Wiki tatu nzima, maana stima yakatika na laptopu yenyewe betri imekufa.

Sasa iko kwenye matatu. Mwanzo nilifurahi, wallahi nilitaka kumwambia kondakta. Halafu ikaja sauti ya dijei juu yake. Jina la dijei. Tena jina la dijei. Kufika Feri nilikuwa nimelisikia mara nne. Jina la aliyetengeneza biti, hata mara moja.

Nikaitafuta hiyo miksi kwenye YouTube nikaipata. Zaidi ya saa nzima. Chini kwenye maelezo kuna nambari ya kumuita dijei kwa harusi, kuna tili ya M-Pesa, kuna emoji za moto. Orodha ya nyimbo hakuna. Nikamwandikia kwa heshima, "Kaka, hii biti ya dakika ya kumi na tisa naijua mwenyewe, tafadhali weka jina lake." Akanijibu, "Boss hiyo ni promo, angeshukuru."

Promo ya nani? Tangazo lisilo na jina latangaza nini?

Miezi minne baadaye jirani yangu aliuza spika zake mbili, akalipa wakala, na saa hii ni mlinzi Doha, zamu ya saa kumi na mbili. Sasa msinielewe vibaya. Dijei mmoja hakumpeleka mtu Doha. Kilichompeleka ni kodi ya nyumba na dawa za sukari za mamake. Lakini jiulize: biti yake ilikuwa yachezwa kwa matatu, yachezwa kwa harusi, watu wakatika nayo, na hakuna hata mtu mmoja mji mzima aliyempigia simu kumwambia njoo nitengenezee nami moja. Wangempigia vipi? Hawakujua kuna mtu.

Hapo ndipo hoja yangu iko. Jina si mapambo, jina ndiyo njia pekee pesa, bukingi na heshima zinaweza kumfikia mtu. Ukilitoa, umemfungia mlango, na kazi yake umebaki nayo wewe.

Na hii haiumizi watu wote sawa. Ukicheza amapiano kubwa kutoka Afrika Kusini bila kutaja jina, hujampunguzia mtu kitu. Mtu atatoa simu aishazam, atapata. Ukicheza ngoma ya Nairobi inayovuma, kila mtoto hapa Majengo ajua ni ya nani. Lakini biti ya Kibokoni ambayo haijatoka rasmi, ishazam uone. Haimo. Kwa hiyo mdogo ndiye anayehitaji jina lake litajwe zaidi, na yeye ndiye anayeachwa.

Wenzetu Dar wametuonyesha. Singeli ilitoka mitaani kabisa, kwenye vigodoro, kwa vijana wa Manzese, Tandale, Mburahati. Damu yake ni mchiriku na taarabu: wachukua kipande kidogo cha kinanda cha taarabu, wakirudiarudia, wakipandisha kasi mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. (Ndio, jina la lebo nalijua, chekeni mmalize turudi kwenye hoja.) Sisso ni mtu, na ni studio yake pale Mburahati. Jina lake liko kwenye jalada lenyewe. 2018 Bamba Pana akatoa Poaa. 2019 Jay Mitta na Tatizo Pesa, Duke na Uingizaji Hewa. 2022 DJ Travella na Mr Mixondo. Sauti ni ileile ya mtaani, haikulainishwa kwa ajili ya mtu, lakini msee akipagawa nayo Berlin ajua amtafute nani. Na waliwatafuta kweli, wakaenda wakapiga Ulaya.

Hata hapa Kenya, Slikback alianza na Lasakaneku mwaka 2018, kwenye Hakuna Kulala, lebo ndugu na hiyo ya Kampala. Muziki mgumu, hauchezwi redio, hauna hata mtu wa kuimba. Lakini jina lipo, na jina ndilo lililosafiri. Sasa sisi kisiwani twasema hatuna soko la muziki wa aina hiyo. Soko lajuaje tupo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mji huu haukuwa hivi. Miaka ya 60 na 70 Mombasa ilikuwa inatoa santuri zake yenyewe. Assanand & Sons walikuwa na lebo ya Mzuri. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale, lilirekodi taarabu ikasambaa pwani yote. Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, Zein l'Abdin, Juma Bhalo. Hayo majina wewe huyajui labda, lakini bibi yako ayajua, muulize leo. Ayajua kwa sababu yaliandikwa kwenye santuri na kwenye kaseti. Ndiyo maana baadaye Wafaransa wa Buda Musique waliweza kutoa mkusanyiko wa taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, ndani ya mfululizo wao wa Zanzibara. Mtu alikuwa ameweka kumbukumbu ya nani kaimba nini.

Na msije mkaniambia muziki wa mitambo si wetu. Ile tashkota iliyokuwa ikilia kwenye taarabu ya Mombasa asili yake ni Japani. Wazee waliichukua, wakaitia umeme, wakaipiga mpaka ikawa ya kwetu. Zuhura aliingiza midundo ya chakacha kwenye taarabu. Miaka ya 80 Mombasa Roots wakaichukua chakacha hiyohiyo wakaifanya disko. Jirani yangu na laptopu yake iliyokufa betri alikuwa afuata njia ya wazee. Tofauti ni moja tu: wao tuliwaandika, yeye hatukumwandika. Mwaka 2060 mtu akitaka kujua vijana wa Mvita walitengeneza nini saa hii, atakuta miksi elfu na ndani yake ni sauti za madijei zikijitaja.

Najua majibu yenu, nishayasikia yote.

La kwanza, "Nikiandika majina YouTube itaishusha miksi." Hapana. Ule mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo wasikiza sauti yenyewe, hausomi maelezo yako. Kama yashushwa itashushwa hata ukiandika mapishi ya biriani pale chini. Kuficha jina hakukulindi na chochote.

La pili, "Madijei wakubwa duniani walikuwa wakificha." Hii ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko zote mlizonazo. Jamaica, wenye saundi wa miaka ya 50 walikuwa wakikwangua lebo za santuri ili mpinzani asijue ni wimbo gani. Uingereza, madijei wa Northern Soul walibandika karatasi juu ya lebo wakaandika jina la uongo. Sawa. Lakini wale walikuwa wakificha santuri ambayo tayari ilikuwa na jina, imechapishwa, ya mwimbaji aliye Marekani huko mbali. Jina lilikuwepo chini ya karatasi. Wewe waficha biti ya mtu mnayeswali naye Ijumaa msikiti mmoja, na jina lake halijaandikwa mahali pengine popote. Hapo hakuna cha kukwangua. Wewe ndiye ulikuwa nafasi yake ya kwanza.

La tatu, "Hakuna anayesoma." Mimi nasoma. Na hata akisoma mmoja, huyo mmoja akiwa na lebo au ana harusi ya dadake, yatosha.

La nne, "Nyimbo ni nyingi, nitaandika saa ngapi?" Kaka, una saa mbili za kukaa ukitengeneza picha ya jalada yenye miali ya moto na gari ambalo si lako. Toa dakika ishirini humo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, hilo mwalijua, mshanisema vya kutosha. Lakini hata kule chuoni, mvivu kuliko wote darasani alijua ukinakili kazi ya mtu bila kumtaja wapata sifuri. Sasa sisi wa mtaani, tunaojiita watu wa kweli, twashindwa na karatasi ya mwaka wa kwanza?

Haya, sasa nijiseme mwenyewe, maana nikiacha hii nitakuwa mnafiki.

Nilipokuwa naandika hii nikarudi kwenye video zangu zote. Thelathini na nane zina biti ya mtu chini. Nilizoandika jina la aliyetengeneza, saba. Zilizobaki nimeandika "biti noma", au sikuandika kitu. Na nne kati ya hizo ni biti za jirani yangu. Za huyohuyo. Nilizichukua kwa flashi kutoka kwa laptopu yake, nikasema sisi ni wamoja, hatudaiani. Moja yao ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote, ndiyo iliyoniletea tangazo langu la kwanza la kulipwa. Pesa nilikula. Naye nilikuwa namuona kila siku, akinipa chai, hakusema neno.

Kwa hiyo dijei wa matatu aliiba moja. Mimi niliiba nne, na nilijua mlango wake.

Wiki hii nimekaa nimetafuta. Zile thelathini na moja, kumi na tisa nimepata wenyewe na nimeandika majina. Kumi na mbili bado. Nimeziorodhesha, ukisikia kazi yako niambie, nitaiandika siku hiyohiyo, na ukitaka niitoe nitaitoa. Zile nne, pesa ya tangazo nimeanza kumtumia mamake kidogo kidogo kwa M-Pesa. Sitaji kiasi, hilo ni letu.

Ninachotaka kutoka kwenu si kikubwa. Dijei, andika dakika, jina la kazi, jina la mtengenezaji. Kama hajui atumie jina gani, muulize, nambari yake unayo, ndiye aliyekutumia biti kwa WhatsApp. Sauti yako ya kujitaja iweke mwanzo wa miksi na mwisho, usiimwage juu ya ngoma ya mtu. Prodyusa, nawe usingoje kuonewa ndipo ulie: jina lako liweke ndani ya faili kabla hujamtumia mtu, weka tagi ya sauti sekunde ya kwanza, na sajili kazi yako KECOBO, yafanyika mtandaoni. Nanyi wasikilizaji, silaha yenu ni swali moja. Kila miksi isiyo na majina, uliza chini yake: "Nani katengeneza?" Uliza kwa heshima, lakini uliza kila mara. Ikifika mia moja atachoka, ataandika.

Mtaniuliza mbona nalia majina na la jirani yangu sijalitaja. Nilitaka. Nilimsomea hii yote kwa simu, usiku wa kwao, ametoka zamu. Akanyamaza kidogo akasema, "Huku usiniandike. Hapa nitakuwa mtu wa kuonewa huruma. Niandike kwenye biti."

Basi zile nne nimeshaandika. Na juzi amenituma ya tano, kaitengeneza kwa simu, kitandani, wenzake sita wamelala chumba kimoja. Ina chapuo ileile ya mjomba. Naipandisha Ijumaa baada ya swala, na jina lake ndilo neno la kwanza mtakaloliona. Dijei ukiitaka, nijulishe, nitakutumia bure. Jina laja nayo.